Kutoka kusikiliza hadi kutunga: vyombo vipya vya habari na furaha ya vijana wetu Alunguli



Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo wazazi wengi wanalitazama kwa mashaka, yaani simu, kompyuta na tovuti mikononi mwa vijana. Komini ya Alunguli iko upande wa mashariki wa mto Lualaba. Anayetaka kwenda kwenye ofisi za jimbo au kwenye stesheni ya reli hana daraja. Ni lazima avuke kwa mtumbwi au kwa kivuko. Lakini wimbo, kichekesho au picha iliyo ndani ya simu inavuka bila nauli, usiku na mchana, na inaweza kufika Kasuku, Goma au Kinshasa kabla mwenye mtumbwi hajafungua kamba yake. Wazazi wanatuuliza: je, vitu hivyo vinavyovuka vinawajenga watoto wetu au vinawabomoa?

Jibu letu ni hili. Kijana anayetunga kitu chake mwenyewe, pamoja na wenzake, kwa kutumia chombo hicho, anajenga. Kijana aliyeachwa peke yake apokee na kurusha kila kinachomfikia ndiye anayeingia hatarini, na anaweza kuuingiza mtaa mzima. Hapa chini tunaeleza kwa nini, na sisi wakubwa tunaweza kufanya nini.

Zamani sauti ilitoka mahali pamoja

Wengi wenu mnakumbuka Redio Okapi ilipoanza kusikika tarehe 25 mwezi wa pili 2002. Iliundwa na MONUC pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, ikasema kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kitshiluba na Kikongo. Wakati ule vita vilikuwa vimeigawa nchi vipande vipande. Kwa watu wengi ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka kusikia habari za pande zote kwa sauti moja. Furaha ilikuwa kubwa.

Hata hivyo, redio ilikuwa na kinywa kimoja na masikio mengi. Waandishi walichagua habari, mkubwa wao akaipima, ndipo ikasomwa. Sisi tulisikiliza. Aliyetaka wimbo wake usikike ilimbidi aende studio, apate nafasi, na mara nyingi alipe.

Mambo yakabadilika haraka. YouTube ilianza 2005, WhatsApp ikaanza 2009, na simu zenye kamera zikashuka bei mpaka zikafika katika masoko yetu. Mambo matatu yamegeuka. Kwanza, kutunga kumekuwa rahisi: simu moja inarekodi sauti, inapiga picha na kukata filamu. Pili, kusambaza hakuhitaji ruhusa ya mwenye studio. Tatu, mtazamaji anajibu: anasifu, anacheka, anapinga, au anachukua wimbo wako na kuongeza ubeti wake.

Lakini tuangalie vizuri kilichopotea katika mabadiliko hayo. Yule mkubwa wa redio aliyepima habari kabla ya kuitoa hayupo tena. Kazi yake imeangukia mikononi mwa kijana wa miaka 15 mwenye simu, na hakuna aliyemfundisha kazi hiyo.

Tovuti ni nini?

Wazee wametuomba tueleze neno hili kwa lugha nyepesi. Ndugu zetu Walega, wa Pangi na Shabunda, wana kamba iitwayo mutanga. Juu ya kamba hiyo wanatundika vitu vidogo vidogo: kipande cha mti, ganda, unyoya na vingine. Kila kitu kimebeba mithali yake. Mtu akigusa kimoja, mithali inasemwa, na waliokaa pale wanaifafanua. Kwa njia hiyo vijana walifundishwa hekima, na mafundisho yalikuwa pia mchezo wa akili, maana kulikuwa na kushindana na kucheka.

Tovuti inafanana na kamba hiyo. Ni mahali pamoja palipotundikwa maandishi, picha, sauti na filamu. Ukigusa kimoja, kinafunguka. Tofauti ni kwamba mutanga hutundikwa kijijini mbele ya wazee wanaojua maana ya kila kitu, lakini tovuti imetundikwa kwenye njia kuu ya dunia nzima. Kila mpita njia anaweza kugusa, na hakuna mzee aliyekaa pembeni kufafanua.

Zipo tovuti ambazo kila mtu anaruhusiwa kutundika chake. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, imeandikwa na watu wa kujitolea tu, na leo ina makala makumi ya maelfu. Mwalimu wa Alunguli anayejua habari za mto wetu, za samaki wake na za mitumbwi yake anaweza kuandika humo kama vile profesa wa Ulaya, mradi aseme amepata wapi habari hizo.

Wenzetu walianza na kidogo

Watu husema: «Hayo ni mambo ya wenye umeme na wenye pesa.» Tunawaletea mifano mitatu ya karibu.

Mfano wa kwanza uko Wakaliga, mtaa wa watu wa hali ya chini mjini Kampala, Uganda. Isaac Nabwana alianza kutengeneza filamu za mapigano na vichekesho pamoja na majirani zake. Bunduki zao zilikuwa za mbao na vyuma chakavu, na kompyuta aliiunganisha mwenyewe kwa vipande vya zamani. Filamu yao «Who Killed Captain Alex?» ya 2010 inasemekana ilitumia kama dola 200 tu. Walipoonyesha kipande chake YouTube, watu wa nchi za mbali walicheka na kupenda. Mwaka 2015 waliomba kwa njia ya intaneti mchango wa dola 160 kwa ajili ya filamu nyingine. Walipata zaidi ya dola 13,000. Tunachopenda katika habari hii si pesa. Mtaa mzima ulikuwa kazini: wengine waliigiza, wengine walishona nguo, wengine waliuza filamu mkono kwa mkono.

Mfano wa pili ni wa mkimbizi. Lual Mayen alizaliwa wazazi wake wakiwa njiani kukimbia vita vya Sudani Kusini, akakulia katika kambi kaskazini mwa Uganda. Alipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza alimwambia mama yake kwamba anaitaka. Mama huyo aliweka akiba kwa miaka 3, akapata dola 300, akamnunulia. Umeme haukuwepo, kijana alitembea masaa matatu kwenda kuichaji. Alikuwa ameona kwamba michezo mingi ya kompyuta ni ya kupigana na kuua, akajiuliza kwa nini usiwepo mchezo wa kutafuta amani. Akajifundisha, akatengeneza mchezo unaoitwa Salaam, ambamo mchezaji ni mtu anayekimbia vita na anahitaji maji, chakula na dawa ili aendelee kuishi. Mwaka 2018 alitajwa kwa heshima katika sherehe kubwa ya watengenezaji wa michezo huko Marekani. Hakusahau alikotoka, alikifanya kisa chake kuwa mchezo unaomfundisha mtoto wa nchi nyingine maana ya kukimbia.

Mfano wa tatu ni wa Kongo yetu. Innocent Balume, anayejulikana kama Innoss'B, ni mtoto wa Goma. Mwaka 2010, angali kijana mdogo, alishinda shindano la Vodacom Superstar. Mwaka 2019 alitoa wimbo «Yope» pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, na filamu ya wimbo huo imetazamwa YouTube zaidi ya mara milioni 100. Mji ambao dunia ilikuwa imezoea kuusikia kwa ajili ya vita na volkano ulisikika kwa ajili ya ngoma. Huko Goma pia, kituo cha Yolé!Africa, kilichoanzishwa na mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo, kwa miaka mingi kiliwafundisha vijana filamu, muziki na dansi wakati vita vinaendelea kandokando ya mji.

Si kila kijana atakuwa Innoss'B, wala hatusemi hivyo. Tunasema kwamba hawa wote walianza na chombo kidogo, wakawa na watu wa kucheza nao, na wakasimulia mambo ya kwao.

Kwa nini furaha ni kazi ya amani

Mtu aliyekimbia amepoteza nyumba, shamba, mifugo, na mara nyingine ndugu. Baada ya Goma kuanguka mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, familia nyingi zaidi ziliingia njiani, zikiongezeka juu ya zile zilizokuwa zimekimbia vita vya zamani. Katika hali hiyo kuna wanaosema: «Watu wana njaa, ninyi mnaleta habari za michezo?» Tunaelewa uchungu wao. Chakula, dawa na paa ni vya kwanza. Lakini mtoto aliyekaa miezi bila kucheka anaumwa ugonjwa usioonekana, na kijana asiye na kazi ya mikono wala ya akili anatafutwa na wenye bunduki.

Kuna sababu nyingine. Wenyeji na waliokimbia hukutana wapi? Hukutana kwenye kisima, penye foleni na ugomvi. Hukutana sokoni, penye bei. Hukutana kwenye mgawo wa misaada, penye wivu. Mahali pa kukutana bila kugombania kitu ni pachache, na mchezo ni mojawapo.

Tuchukue kichekesho kifupi cha dakika tano kilichorekodiwa kwa simu, kuhusu ugomvi wa kisima. Mtoto wa mwenyeji ana uwanja wa nyumbani kwao. Mtoto aliyekimbia ana kisa. Mwingine ana simu, mwingine ana ngoma, mwingine anajua kuchekesha. Hakuna anayeweza kuimaliza kazi peke yake. Tena tunashauri wabadilishane nafasi: mwenyeji aigize aliyekimbia, na aliyekimbia aigize mwenyeji. Mashirika ya amani yametumia njia hii kwa miaka mingi katika michezo ya kuigiza ya mashariki mwa Kongo, watazamaji wakiulizwa katikati ya mchezo: «Ninyi mngefanya nini?» Simu inaongeza jambo moja: mchezo ukishaonyeshwa hapa, unaweza kuvushwa mto na kuonyeshwa ng'ambo, na wale wa ng'ambo wakarudisha jibu lao.

Tusiwasahau wasichana. Katika nyumba nyingi simu ni ya kaka, na jioni msichana yuko jikoni. Kikundi kisichopanga saa inayowafaa wasichana kitabaki kikundi cha wavulana, na hadithi za nusu ya mtaa hazitasikika.

Mahali furaha inapogeuka moto

Watu wa Kindu wanajua kuliko wengi habari isiyo ya kweli inaweza kufanya nini. Mwezi wa kumi na moja 1961, askari wa anga 13 wa Italia waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walikuja na ndege mbili kuleta vifaa kwa kikosi cha wenzao. Waliuawa hapa Kindu na askari waliowadhania kuwa ni Wabelgiji. Hakukuwa na simu za mkononi siku zile. Ilitosha kudhani, kusemeshana, na kukasirika pamoja. Leo dhana kama hiyo inaweza kuingia katika simu mia kabla mtu mmoja hajauliza: «Ni nani aliyeona kwa macho yake?»

Hatari tunazoona ni nne.

Uvumi. WhatsApp yenyewe imeona hatari hiyo. Tangu 2019 mtu hawezi kurusha ujumbe kwa zaidi ya watu au vikundi vitano kwa mara moja, na tangu 2020 ujumbe uliokwisha kurushwa mara nyingi unaweza kupelekwa mahali pamoja tu kwa mara moja. Ujumbe wa namna hiyo una alama ya mishale miwili juu yake. Ukiona mishale miwili, ujue umepita mikononi mwa watu wengi, na huenda hakuna aliyeupima.

Dhihaka. Utani ni mali yetu, na watani wa kweli wanajuana. Lakini kichekesho kinacholicheka kabila, kikitoka kwa watani na kufika kwa mtu aliyezika ndugu yake wiki iliyopita, si utani tena. Simu haijui nani ni mtani wa nani.

Picha. Picha ya familia iliyokimbia, yenye sura zao na mahali wanapolala, inaweza kufika kwa yule waliyemkimbia. Vivyo hivyo picha ya msichana, au ya mtu aliyejeruhiwa. Aliyepiga picha alitaka kuonyesha huruma, au alicheza tu. Madhara hayaulizi nia.

Pesa. Mega zinaisha haraka, na michezo ya kubahatisha ndani ya simu inamwahidi kijana utajiri huku ikila pesa ya sabuni na chumvi. Huo si mchezo wa kutunga. Mzazi aujue na auseme waziwazi.

Tukumbushane pia kwamba nchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Sheria hiyo inaadhibu anayeanzisha na hata anayesambaza habari za uongo dhidi ya mtu katika mitandao. Kusema «mimi nilirusha tu, sikuandika» si kinga.

Intaneti ikikosekana

Wengine watasema Alunguli mtandao ni dhaifu, na mara nyingine haupo kabisa. Ni kweli, na hata ukiwepo unaweza kuzimwa: baada ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018, intaneti ilifungwa nchini kote kwa karibu siku 20. Kwa hiyo tusijenge furaha yetu juu ya mtandao peke yake.

Vyombo vingi vinafanya kazi bila mtandao. Wimbo unapita kutoka simu hadi simu kwa bluetooth, au kwa kadi ya memori. Audacity ni programu ya bure ya kukata na kusafisha sauti. Ikishawekwa ndani ya kompyuta haihitaji intaneti. Scratch, iliyotolewa 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, inamfundisha mtoto kutengeneza michezo na hadithi zenye picha zinazotembea. Nayo ni ya bure, na ipo katika Kiswahili. Kiwix inaiweka Wikipedia ndani ya simu au kompyuta, mtu aisome hata mahali pasipo mnara. Kompyuta moja ya shule au ya parokia, yenye sola, inaweza kutosha kikundi cha vijana kumi wakipangiana zamu.

Tufanye nini?

Kwa wazazi tunasema: msikae mbali na simu ya mtoto. Mwombe akuonyeshe kinachomchekesha, ucheke naye kinapochekesha, na umwambie kinapokuudhi na kwa nini. Mpe hadithi. Babu na bibi wana hadithi za sungura, za mto na za safari. Zirekodiwe kwa sauti yao kabla hawajaondoka. Familia iliyokimbia ikikosa kila kitu, hadithi zake bado inazo.

Kwa viongozi wa mitaa, wa makanisa na wa misikiti tunasema: kupiga marufuku ni rahisi, lakini vijana watajificha na mtakuwa hamwoni tena wanachofanya. Wapeni uwanja na saa. Wateue watu wawili wa kuangalia, mmoja mwenyeji na mmoja aliyekimbia, mwanamke na mwanaume. Kazi yao iwe kusikiliza kila kilichotungwa kabla hakijatoka, kama yule mkubwa wa redio alivyofanya zamani. Habari ya kutisha ikiingia, vijana wajue watamwendea nani aiulizie kabla hawajairusha.

Kwa vijana tunasema: kabla ya kutoa kitu chochote, jiulizeni maswali matatu. Je, ni kweli, na tumejuaje? Je, anayeonekana au anayetajwa amekubali? Je, tungethubutu kukionyesha mbele ya yule tunayemsema, tukiwa tumekaa naye? Jibu moja likiwa hapana, kirekebisheni au kifuteni.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Katika mtaa wetu, wenyeji na waliokimbia wanacheka pamoja wapi? Kama hakuna mahali, tunaweza kupaanzisha wapi?

2. Uvumi wa mwisho uliotutia hofu ulifika kwa njia gani? Nani aliutuliza, na kwa maneno gani?

3. Ni hadithi gani ya kwetu, au ya kule tulikotoka, ambayo tungependa watu wa ng'ambo ya mto waisikie?

Tunawaomba msome maswali haya pamoja na vijana, si juu ya vijana. Wale wasiojua kusoma wasomewe kwa sauti. Na kikundi kitakachotunga jambo lake, hata la dakika mbili tu, kianze kwa kulionyesha nyumbani, mbele ya mama na baba, kabla hakijalivusha mto.